Polimialjia Rumatika: Prednisoloni Isipofaa, Mgonjwa Anatibiwaje?

Mzee mwenye kisukari akiandikiwa prednisoloni kwa ajili ya maumivu ya mabega na nyonga, nyumbani huanza ubishi. Mmoja amesikia dawa hiyo inapandisha sukari, mwingine kwamba inamaliza mifupa, na hakosekani wa kusimulia habari za jirani aliyevimba uso. Mwisho wake vidonge vinabaki kwenye kibahasha na mgonjwa anabaki kitandani. Hofu hizo zina ukweli ndani yake, sizibezi. Lakini kusema dawa haimfai mtu kunaweza kuwa na maana kadhaa, na kila maana ina njia yake ya matibabu. Kwa wagonjwa wa polimialjia rumatika, kuzichanganya maana hizo ndiko kunakowafanya wakose dawa au wapewe isiyo yao.

Ugonjwa wenyewe huwapata watu waliovuka miaka 50, hasa wa miaka 70 na kuendelea, na wanawake huupata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Mara nyingi huja haraka, pengine ndani ya wiki mbili tu: shingo, mabega yote mawili, nyonga na mapaja yanakaza na kuuma. Asubuhi ndiyo saa mbaya. Bibi anashindwa kujigeuza kitandani, akiketi hawezi kuinua mikono afunge kilemba, gauni halivaliki mpaka mjukuu amsaidie, na kuinuka baada ya kuchuchumaa chooni ni mtihani. Kukakamaa huko huzidi dakika 45. Ikifika alasiri anatembea uani, anachambua dagaa, na wasiojua wanasema asubuhi alikuwa anadeka.

Misuli yake haina ugonjwa. Kinachowaka ni ngozi laini za ndani ya viungo na vifuko vidogo vya majimaji vinavyolizunguka bega na nyonga, kwa sababu kinga ya mwili imechachamaa bila adui anayeonekana. Miongoni mwa kemikali zinazoichochea kinga hiyo ni interlukini-6, ambayo tutakutana nayo tena mbele.

Kabla ya kuuliza dawa gani mbadala, kwa Kigoma ninakoandikia lipo swali la kwanza: ni polimialjia kweli? Daktari William Bruce wa Uskoti aliueleza ugonjwa huu mwaka 1888, na hadi leo unaonekana zaidi kaskazini mwa Ulaya, hasa nchi za Skandinavia. Kwa watu wenye asili ya Afrika umeripotiwa kwa nadra. Nadra haimaanishi haupo, ila inamaanisha mzee wa Ujiji au Kasulu mwenye mabega yaliyokaza ana uwezekano mkubwa wa kuwa na jambo jingine. Kisukari hugandisha bega, mara nyingine yote mawili. Baridi yabisi ya uzeeni inaweza kuanzia mabegani. Tezi ya shingo ikilegea kazi, mwili mzima hukaza. Mfugaji anayekunywa maziwa mabichi anaweza kuwa na brusela. Saratani ya uboho na ya tezi dume iliyofika mifupani huuma kiunoni na nyongani usiku kucha.

Hakuna kipimo kimoja kinachosema hii ni polimialjia. ESR, kipimo cha damu kinachopanda mwili ukiwaka, hupanda pia kwa kifua kikuu, kwa upungufu wa damu na kwa maambukizi mengi. Na prednisoloni ina tabia ya kuwapa nafuu wagonjwa wa maradhi mengi kwa siku chache, kwa hiyo kuamka vizuri baada ya vidonge hakuthibitishi chochote peke yake. Naamini kwa mazingira yetu hii ndiyo maana ya kwanza ya dawa kutomfaa mtu, na ndiyo inayosahaulika: dawa haifai kwa kuwa ugonjwa si wenyewe. Mgonjwa wa namna hiyo kinachomsaidia ni kupimwa upya, hata ikibidi kutoka kituo cha afya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni kuonana na daktari wa magonjwa ya ndani.

Tuseme sasa wameridhika kwamba ni polimialjia. Mwongozo wa pamoja wa vyama vya mabingwa wa viungo vya Ulaya na Marekani, uliotolewa mwaka 2015, unataka mgonjwa aanze na prednisoloni miligramu 12.5 hadi 25 kwa siku. Wengi huanza na 15, yaani vidonge vitatu vya miligramu 5. Mgonjwa wa pumu aliyebanwa hupewa 40 au zaidi bila mtu kushtuka. Tofauti ni kwamba wa pumu anakunywa kwa siku tano au saba, na huyu wa polimialjia atakunywa kwa mwaka mmoja, miwili, wakati mwingine zaidi. Madhara yanayoogopwa hutokana zaidi na huo urefu, na mengi yake yana kinga.

Sukari kwanza. Prednisoloni ikinywewa asubuhi, sukari hupanda zaidi mchana na jioni, kisha usiku hushuka. Mgonjwa anayepima asubuhi kabla ya chai anaweza kuona namba nzuri kila siku huku alasiri sukari yake iko juu kupita kiasi. Kipimo cha maana ni cha saa kumi au kumi na moja jioni, kabla ya chakula cha usiku. Daktari akiona namba za jioni ataongeza dawa za sukari au kuanzisha insulini ya asubuhi, kisha atazipunguza kadiri prednisoloni inavyoshuka. Wasiposhusha kwa pamoja, sukari itaporomoka. Kwa hiyo kisukari kinachofuatiliwa hakimzuii mtu kutumia dawa hii, ila mtu wa kijiji cha mbali asiye na mashine ya kupimia wala kliniki ya karibu yuko hatarini kweli.

Mifupa nayo huanza kudhoofika mapema, ndani ya miezi mitatu hadi sita ya mwanzo. Kalsiamu na vitamini D huanza siku moja na prednisoloni. Hapa Kigoma tuna bahati ya dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao, chanzo kizuri cha kalsiamu. Atakayewala mara kwa mara amejisaidia, ingawa chumvi ya wale wakavu isimpandishe presha. Mwenye historia ya kuvunjika nyonga, kifundo cha mkono au uti wa mgongo huongezewa alendronati, kidonge kimoja cha miligramu 70 kwa wiki, kinachomezwa asubuhi tumbo likiwa tupu kwa glasi nzima ya maji, kisha mtu akae wima nusu saa asijilaze, maana kikikwama huunguza koo.

Kwenye maambukizi ndiko ningependa wahudumu wetu wakae zaidi. Kifua kikuu kilicholala mwilini kinaweza kuamka mtu anapokunywa steroidi, kundi la dawa ambamo prednisoloni imo, kwa wiki nyingi, kwa hiyo mwenye kikohozi, kukonda au homa za jioni apimwe kabla. Na aliye tayari kwenye dawa za kifua kikuu ana jambo la pili: rifampisini huifanya ini iiyeyushe prednisoloni haraka, hivyo dozi ya kawaida inaweza kuonekana haifanyi kazi wakati kosa si la dawa. Kinyume chake ni dawa za virusi vya Ukimwi zenye ritonaviri, ambazo huikusanya prednisoloni mwilini mpaka madhara yaje mapema. Walio kwenye dolutegraviri, ambao ndio wengi sasa nchini, hawana tatizo hilo. Homa ya ini B nayo ipimwe, kwani inaweza kuamshwa.

Halafu kuna mnyoo ambao huko Ulaya mara nyingi hawaufikirii. Strongiloidi huishi kwenye udongo wenye unyevunyevu na huingia kupitia ngozi ya mguu usio na kiatu. Ukishaingia, huzaliana ndani ya mtu yuleyule na unaweza kudumu miongo mingi bila kelele, labda muwasho na tumbo kusokota. Steroidi zikiifunga kinga, mnyoo huo huongezeka ghafla, hutoka utumbo na kusambaa hadi mapafuni, ukibeba bakteria wa tumboni kuingia kwenye damu. Wengi wanaofikia hapo hufariki. Mtu aliyelima mpunga au mihogo peku maisha yake yote ana kila sababu ya kupimwa, au kupewa ivermektini, kabla ya kuanza. Albendazoli ya kumeza mara moja, ile ya kampeni za minyoo, haitoshi kwa huyu.

Maana nyingine ya dawa kutofaa huja baadaye: mgonjwa alianza vizuri, wakapunguza, maumivu yakarudi. Familia inasema dawa imeshindwa. Mara nyingi kilichoshindwa ni mwendo wa kupunguza. Mwongozo unasema ishushwe hadi miligramu 10 ndani ya wiki nne hadi nane, kisha miligramu 1 tu kila wiki nne. Sasa vidonge vilivyozoeleka madukani kwetu ni vya miligramu 5, na mtu anayetoka viwili kwenda kimoja amekata nusu ya dozi kwa siku moja. Njia ipo, na imo kwenye mwongozo wenyewe: leo vidonge viwili, kesho kimoja na nusu, na kuendelea kwa kupokezana kwa wiki nne, ambayo ni sawa na kushuka kwa miligramu 1.25. Kinachohitajika ni kalenda ukutani na mjukuu mwenye kalamu. Kuacha ghafla kuna ubaya wake mwingine, kwa sababu tezi za juu ya figo zilikuwa zimelala; mgonjwa hulegea, hutapika, presha hushuka, na akiugua malaria wakati huo anaweza kuzimia.

Wanabaki sasa wale ambao kwao dawa haifai kweli. Yupo aliyevurugikiwa akili kwa steroidi akawa haoni usingizi na kusikia sauti; yupo ambaye mifupa ya mgongo imeshabonyea; mwenye presha ya macho inayoendelea kupanda; mwenye sukari isiyotulia kwa insulini; na yule ambaye kila akifika miligramu 7.5 maumivu yanarudi, miaka miwili sasa. Kwa hawa dawa ya kwanza kufikiriwa, na iliyo ndani ya uwezo wa wengi, ni metotreksati.

Ukisoma karatasi yake utaona ni dawa ya saratani, na watu wengi huishia hapo. Kwa saratani hutolewa kwa wingi mkubwa. Kwa polimialjia ni miligramu 7.5 hadi 10 kwa wiki, na kazi yake ni kuituliza kinga. Mwaka 2004 watafiti wa Italia walichapisha matokeo ya wagonjwa 72 wa polimialjia waliopewa steroidi, nusu wakiongezewa metotreksati na nusu kidonge kisicho na dawa. Baada ya wiki 76, kati ya waliobaki kwenye utafiti, 28 kati ya 32 wa metotreksati walikuwa wameachana na steroidi, dhidi ya 16 kati ya 30 wa upande wa pili. Ni msaada wa kweli. Lakini huchukua wiki kadhaa hadi miezi kuonekana, na katika utafiti huo kila mtu alianza na steroidi. Metotreksati hufupisha safari ya steroidi na kupunguza jumla yake. Haijathibitishwa kuibeba safari nzima peke yake.

Nasisitiza neno moja: kwa wiki. Vidonge vyake vingi ni vya miligramu 2.5, kwa hiyo dozi ya 10 ni vidonge vinne, siku moja, kisha basi mpaka wiki ijayo. Wapo watu duniani waliokufa kwa kuinywa kila siku kama dawa ya presha. Siku iandikwe juu ya kibahasha kwa maandishi makubwa, tuseme Jumatatu, na foliki asidi inywewe siku nyingine, tuseme Alhamisi. Damu, ini na figo vipimwe kabla na kila baada ya muda. Pombe, iwe bia au gongo, iachwe. Vidonda mdomoni, homa, michubuko isiyo na sababu au kikohozi kikavu cha kuhema: dawa isimamishwe na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo.

Septrin na metotreksati havikutani. Vikikutana vinaweza kuua uboho usitengeneze damu. Septrin inapatikana kirahisi hata kwenye duka la dawa muhimu la kijijini, na baadhi ya wenye virusi vya Ukimwi huinywa kila siku kwa kinga, kwa hiyo mgonjwa aseme kila anapokwenda kununua dawa kwamba anatumia metotreksati, hata kama anatafuta dawa ya kuhara tu.

Njia nyingine ni sindano ya methilprednisoloni kwenye msuli, miligramu 120 kila wiki tatu mwanzoni. Hii bado ni steroidi, tusidanganyane, ila jumla inayoingia mwilini hupungua, na inamfaa mzee anayesahau vidonge au anayejiongezea. Kwa mtu wa Kalya au Kibondo ambaye kila sindano ni nauli, faida hiyo inaweza kuliwa na safari.

Dawa za maumivu kama diklofenaki ndizo kimbilio la kwanza kwa wengi, kwa sindano au vidonge. Mwongozo unazikataa waziwazi kama badala ya steroidi, nami naona ulipaswa kusema hivyo kwa sauti kubwa zaidi. Nafuu yake ni ndogo, ugonjwa unaendelea chini kwa chini, na kwa mzee wa miaka 75 zinaumiza figo, zinatoboa tumbo na kupandisha presha. Aliyekataa steroidi kwa kuogopa madhara halafu akameza diklofenaki kila siku kwa mwaka hajapunguza hatari. Vivyo hivyo dawa za kumeza za pakiti zinazouzwa kuwa ni za mitishamba na zinaponya viungo ndani ya siku mbili. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikuta bidhaa ya aina hiyo ikiwa na deksamethasoni na diklofenaki ambazo hazikuandikwa kwenye chupa. Deksamethasoni ni steroidi kali kuliko prednisoloni. Nafuu ya haraka namna hiyo inatakiwa imtie mtu wasiwasi.

Turudi kwa interlukini-6. Dawa zinazoizuia ndizo zilizokaribia zaidi kuwa mbadala halisi. Februari 2023 Marekani iliidhinisha sarilumabu kwa wagonjwa wa polimialjia ambao steroidi hazikuwatosha au hawakuweza kuzipunguza: sindano ya chini ya ngozi, miligramu 200 kila wiki mbili. Katika utafiti wake, asilimia 28 ya walioipata walifika wiki ya 52 ugonjwa ukiwa umetulia, dhidi ya asilimia 10 ya wasioipata, ingawa waliopewa sarilumabu walitumia steroidi kwa wiki 14 tu na wenzao kwa mwaka mzima. Ufaransa walijaribu ndugu yake, tosilizumabu, kwa wagonjwa takriban 100 walioshindwa kuachana na steroidi, na mwaka 2022 wakaripoti kwamba kufikia wiki ya 24 asilimia 67 walikuwa wametulia kwa dozi ndogo ya steroidi au iliyopunguzwa kwa angalau miligramu 10, dhidi ya 31. Kabla ya hapo, wagonjwa wapya 20 wa nchi hiyohiyo walianzishiwa tosilizumabu bila steroidi yoyote, nao wakatulia polepole ndani ya wiki 12. Ni wachache mno kujengea kanuni, ila huo ni ushahidi kwamba njia isiyo na steroidi inawezekana.

Kwetu vizuizi ni vingi. Bei yake inamshinda mstaafu. Zinatunzwa kwenye friji la nyuzi 2 hadi 8, na umeme unaokatika mara kwa mara unaweza kuziharibu. Zinaweza kuamsha kifua kikuu na kutoboa utumbo wenye kidonda. Tena zinakishusha kipimo cha CRP, kile ambacho pamoja na ESR hutumika kujua mwili unawaka, hivyo nimonia inaweza kuja bila kupandisha namba. Anayefikiriwa kwa dawa hizi atakwenda kwa mabingwa, Bugando au Muhimbili, na aulize mapema nani atamfuatilia akirudi Kigoma.

Haidroksiklorokwini na azathioprini hutajwa, lakini ushahidi wake kwa ugonjwa huu ni mdogo. Zile dawa ghali za baridi yabisi zinazozuia TNF, kemikali nyingine inayochochea kinga, zilijaribiwa zikashindwa, na mwongozo umezikataa.

Mazoezi hayazimi ugonjwa, ila bega lisilonyanyuliwa miezi mitatu litagoma hata dawa ikifanya kazi. Kupandisha vidole ukutani taratibu kila jioni, saa ambayo mwili umelegea, kunatosha kwa kuanzia.

Kuna hali moja inayofuta mashauriano yote haya. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watano au sita wa polimialjia hupata pia ugonjwa wa mishipa mikubwa ya damu ya kichwani. Dalili zake: kichwa kinachouma upande wa kipaji, ngozi ya kichwa inayouma hata kuguswa na kitana, taya linalochoka na kuuma akitafuna mahindi ya kuchoma kisha kutulia akipumzika, kuona vitu viwiliviwili, au jicho kuingia giza kwa dakika chache na kurudi. Mshipa wa jicho ukiziba, jicho hilo halirudi, na la pili linaweza kufuata ndani ya siku chache. Hapo steroidi hutolewa palepale, miligramu 40 hadi 60 za kumeza, au dozi kubwa zaidi ya mshipani, hata kwa mwenye kisukari, hata kwa mwenye mifupa dhaifu, kwa kuwa sukari inashushwa kwa insulini wodini na macho hayana cha kuyarudisha. Mgonjwa huyo apelekwe hospitali jioni hiyohiyo, asisubiri basi la asubuhi.